Kwa nini dirisha la programu yako halikutii

Anayeanza kuandika programu zenye madirisha hukutana mapema na mambo yasiyoeleweka. Umeagiza dirisha lifunguke katikati ya skrini, linafunguka pembeni. Umeuliza upana wake, unajibiwa 1. Umetaka lije mbele ya mengine, badala yake kitufe kidogo kinamwekamweka chini ya skrini. Umeandika msimbo wa kuhifadhi kazi kabla ya kufunga, mtumiaji anafunga na kazi inapotea vilevile. Unarudi kwenye msimbo, unausoma mstari kwa mstari, na huoni kosa.

Mara nyingi kosa halimo kwenye mstari wowote. Limo kwenye picha tuliyo nayo kichwani, kwamba dirisha ni mali ya programu iliyolifungua, na kwa hiyo programu ikisema, dirisha hutenda. Ukweli ni kwamba programu yako inamiliki kilichomo ndani ya dirisha tu: maandishi, vitufe, visanduku vya kujazia. Fremu inayolizunguka, upau wa kichwa, alama za kufunga na kupanua, mahali linapokaa, lipi liko juu ya lipi, na lipi linapokea herufi za kibodi, vyote hivyo viko mikononi mwa mwingine anayeitwa msimamizi wa madirisha. Programu yako inaomba. Msimamizi anaamua. Kisha anaijulisha programu yako kilichoamuliwa. Ukiyashika hayo matatu, karibu kila kitu kinachosumbua kuhusu madirisha kinafunguka.

Nitatumia Tkinter, maktaba ya madirisha inayokuja pamoja na Python, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mazungumzo hayo waziwazi kuliko nyingine ninazozijua. Qt na GTK, maktaba nyingine mbili za madirisha, nitazigusa pale zinapotofautiana.

Mazungumzo haya yalikotoka

Mfumo wa X, ambao kwa miaka mingi ndio uliochora madirisha ya Unix na Linux, ulianza MIT mwaka 1984, na toleo lake la 11, linalotumika hadi leo, lilitoka mwaka 1987. Waliousanifu walichukua uamuzi mmoja mzito: X yenyewe itachora na kupitisha ujumbe, lakini haitasema dirisha liweje wala likae wapi. Sera hiyo waliiachia programu ya kawaida inayoendeshwa pembeni, na mtumiaji anaweza kuiondoa na kuweka nyingine. Hapo ndipo ilipohitajika lugha ya makubaliano kati ya programu na msimamizi, na ikaandikwa katika mwongozo unaojulikana kwa kifupi kama ICCCM.

Tk, maktaba ambayo Tkinter huifikishia Python, iliandikwa na John Ousterhout, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nayo ilizaliwa ndani ya X. Ndiyo maana amri yake ya kushughulikia madirisha inaitwa `wm`, kifupi cha jina la Kiingereza la huyo msimamizi. Kwenye Python, `title`, `geometry` na `protocol` ni majina mafupi ya `wm_title`, `wm_geometry` na `wm_protocol`, na yote yanarithiwa kutoka darasa moja liitwalo `Wm`. Kila unapoandika `dirisha.title("Daftari")`, unamtumia msimamizi barua ukimwomba aandike neno hilo kwenye upau ambao ni wake.

Windows na macOS hazina msimamizi unayeweza kumbadilisha. Kazi hiyo imo ndani ya mfumo wenyewe. Lakini mazungumzo yana sura ileile.

Ombi la kufunga

Nianze na hili kwa sababu ndilo linalogharimu watu kazi zao. Mtumiaji akibofya alama ya kufunga, hajaigusa programu yako. Amegusa fremu, na fremu ni ya msimamizi. Msimamizi anakutumia ujumbe: mtu huyu anataka dirisha hili lifungwe. Kwenye X ujumbe huo unaitwa `WM_DELETE_WINDOW`, na Tk imebaki na jina hilohilo hata inapoendeshwa kwenye Windows, ambako ujumbe halisi ni `WM_CLOSE`. Usiposema chochote, Tk hulivunja dirisha mara moja. Ukijiandikisha kuupokea ujumbe, basi uamuzi wote ni wako, na dirisha halitafungika mpaka wewe mwenyewe ulivunje.

```python
import tkinter as tk
from tkinter import messagebox

dirisha = tk.Tk()
andiko = tk.Text(dirisha)
andiko.pack()

def ombi_la_kufunga():
    if not andiko.edit_modified():
        dirisha.destroy()
        return
    jibu = messagebox.askyesnocancel(
        "Kufunga", "Nihifadhi mabadiliko kwanza?")
    if jibu is None:
        return
    if jibu and not hifadhi():
        return
    dirisha.destroy()

dirisha.protocol("WM_DELETE_WINDOW", ombi_la_kufunga)
dirisha.mainloop()
```

Ichunguze funksheni hiyo njia kwa njia. Kama hakuna kilichobadilika, funga bila kuuliza. Kumuuliza mtu swali lisilo na sababu kunamzoesha kubofya bila kusoma. Akighairi, jibu ni `None`, nasi tunaondoka bila kugusa dirisha. Akikubali kuhifadhi, tunaita `hifadhi()`, ambayo utaiandika mwenyewe na ambayo lazima irudishe `True` pale tu faili ilipoandikwa kweli. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Diski imejaa, au mtumiaji ameghairi kwenye kidirisha cha kuchagua jina la faili, `hifadhi()` imeshindwa kimyakimya, na mstari unaofuata unavunja dirisha. Programu imeuliza kwa adabu, imejibiwa "ndiyo, hifadhi", kisha ikaitupa kazi. Afadhali isingeuliza.

Angalia pia kwamba mstari wa `protocol` unataja `ombi_la_kufunga` bila mabano. Ukiweka mabano, funksheni itaendeshwa papo hapo, kabla dirisha halijaonekana, na msimamizi hatakuwa na wa kumpelekea ujumbe.

Kama una menyu yenye neno "Toka", iite funksheni hiyohiyo. Nimeona programu nyingi ambazo njia ya alama ya kufunga imelindwa vizuri na njia ya menyu iko wazi kabisa. Kwenye macOS kuna mlango wa tatu: vitufe Command na Q vikibonyezwa pamoja haviombi dirisha lifungwe, vinaomba programu nzima iondoke, na ombi hilo halipiti kwenye `WM_DELETE_WINDOW`. Tk inalipokea kwa amri nyingine, ambayo unaiunganisha hivi: `dirisha.createcommand("::tk::mac::Quit", ombi_la_kufunga)`.

Maktaba nyingine zina mlango huohuo kwa majina mengine. Qt hukuletea tukio kupitia `closeEvent`, ukiita `event.ignore()` dirisha linabaki. GTK 3 ilitumia ishara `delete-event`, na GTK 4 ikaibadilisha kuwa `close-request`. Katika zote mbili, kurudisha thamani ya kweli (`True`) maana yake ni "nimelishughulikia, usifunge". Anayetoka Qt kwenda GTK hukosea hapa, kwa kuwa anadhani kweli maana yake ni "ruhusa imetolewa".

Ukubwa na mahali

Sasa lile jibu la 1. Unapopanga wijeti, yaani vitufe, visanduku na vingine vya ndani ya dirisha, kwa `pack` au `grid`, Tk haihesabu chochote papo hapo. Inaweka kumbukumbu kwamba kuna hesabu inayosubiri, nayo inafanya hesabu yote kwa mkupuo pale mzunguko wa matukio (ule wa `mainloop`, unaosoma ujumbe mmoja baada ya mwingine) unapopata nafasi. La sivyo, fomu yenye visanduku ishirini ingepangwa upya mara ishirini kabla haijaonekana. Ukiuliza `winfo_width()` kabla ya hapo, dirisha bado ni la pikseli 1 kwa 1, na Tk inakujibu kweli tupu.

Kuna maswali mawili tofauti, na kila moja lina funksheni yake. `winfo_reqwidth()` inakwambia kilichomo ndani kinaomba upana gani. `winfo_width()` inakwambia upana gani umetolewa. Ukiita `update_idletasks()` kwanza, hesabu inayosubiri inafanywa, na jibu la swali la kwanza linakuwa tayari. La pili linategemea msimamizi, na huenda lisilingane na la kwanza kamwe. Kwenye Linux wako watu wanaotumia wasimamizi kama i3, ambao huigawa skrini nzima vipande vipande na kulipa kila dirisha kipande chake. Huko, ombi lako la pikseli 640 kwa 480 linasomwa na kuwekwa kando. Kwa hiyo fomu iliyoandikwa kwa kudhani ukubwa fulani tu itaharibika huko, na ile iliyoandikwa kunyoosha wijeti zake kufuata nafasi iliyopo itakaa sawa popote.

Namna sahihi ya kujua ukubwa ni kusubiri uambiwe. Tukio `<Configure>` huja kila dirisha linapobadilishwa ukubwa au kuhamishwa. Jambo moja la kuangalia: ukiliunganisha tukio hilo na dirisha kuu, utapokea pia matukio ya wijeti zote zilizomo ndani yake. Linganisha `event.widget` na dirisha lenyewe kabla ya kufanya chochote, la sivyo utadhani dirisha limekuwa dogo kama kitufe.

Ombi la ukubwa na mahali huandikwa kwa mfuatano mmoja wa herufi: `"640x480+100+50"`, yaani upana, urefu, umbali kutoka ukingo wa kushoto, umbali kutoka juu. Ukiweka alama ya kutoa, umbali unapimwa kutoka ukingo wa kulia au wa chini, kwa hiyo `"-0-0"` ni kona ya chini kulia. Ukishaandika ukubwa kwa mkono, dirisha linaacha kujipima kwa kilichomo. Ukiongeza kitufe baadaye na kikakatwa, sababu ni hiyo, `dirisha.geometry("")` hulirudishia hali ya kujipima.

Kuna ugonjwa mmoja wa mahali unaostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu unafundisha mpaka kati yako na msimamizi. Unataka programu ikumbuke ilikuwa wapi. Wakati wa kufunga unahifadhi `winfo_rootx()` na `winfo_rooty()`, wakati wa kufungua unaziweka kwenye `geometry`. Inafanya kazi, ila kila ukifungua dirisha limeshuka kidogo. Upau wa kichwa ukiwa na pikseli 30, baada ya kufungua mara kumi limeshuka pikseli 300, na mwishowe linazama chini ya skrini. Kilichotokea ni kwamba `winfo_rooty()` hupima kona ya eneo lako, chini ya upau wa kichwa, na `geometry` huweka kona ya fremu, juu ya upau. Unapima kwa rula moja na kuweka kwa nyingine. Tumia `winfo_x()` na `winfo_y()`, au hifadhi mfuatano mzima unaorudishwa na `dirisha.geometry()`. Qt ina tofauti hiyohiyo: `frameGeometry()` inajumuisha fremu, `geometry()` haijumuishi, na ili usijichoshe wamekupa `saveGeometry()` na `restoreGeometry()`.

Kuweka dirisha katikati nako kuna mtego wake. Hesabu ya kawaida ni kuchukua `winfo_screenwidth()`, kutoa upana wa dirisha, kisha kugawa kwa mbili. Kwenye Linux inayotumia X na skrini mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu, mara nyingi jibu ni upana wa zote mbili zikijumlishwa, na dirisha lako linakaa nusu huku nusu kule. Kidirisha chenye dirisha mama kipange kwa kufuata mama yake. Hapo huhitaji kujua skrini ziko ngapi.

Halafu iko Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 na sasa inachukua nafasi ya X kwenye Linux nyingi. Humo, dirisha la kawaida halijui liko wapi kwenye skrini, na halina namna ya kuomba liwekwe mahali fulani. GTK 4, iliyotoka Desemba 2020, iliondoa kabisa `gtk_window_move`. Watengenezaji wengi walilalamika, na ninaelewa uchungu wao, lakini nadhani uamuzi ni wa haki. Programu inayoweza kujiweka popote inaweza kujiweka juu ya kidirisha cha nywila cha programu nyingine, ikajifanya ndiyo yenyewe. Menyu na vidokezo bado hupangwa vizuri, kwa sababu vinaelezwa kwa kufuata mama yake: chini ya kitufe hiki, na pakikosekana nafasi, juu yake.

Kuja mbele

Hoja hiyo ya haki inahusu pia kulivuta dirisha mbele. `lift()` huomba liwe juu ya mengine, `focus_force()` huomba lipokee kibodi. Windows mara nyingi hukataa ombi kama halikutokana na kitendo cha mtumiaji, ikaishia kumwekesha kitufe kwenye upau wa kazi. Mfikirie mtu anayeandika nywila yake, macho yako kwenye kibodi. Kidirisha chako kinachomoka, kinanyakua kibodi, na nusu ya nywila inaandikwa ndani ya kisanduku chako kwa herufi zinazosomeka. Msimamizi anamlinda mtu huyo dhidi yako. Usitafute njia za kumzunguka.

Kidirisha kinachouliza swali wakati mtumiaji yuko ndani ya programu yako ni jambo tofauti, na kina utaratibu wake:

```python
def uliza_jina(mama):
    jibu = None
    kidirisha = tk.Toplevel(mama)
    kidirisha.title("Jina")
    kidirisha.transient(mama)
    ingizo = tk.Entry(kidirisha)
    ingizo.pack()

    def sawa():
        nonlocal jibu
        jibu = ingizo.get()
        kidirisha.destroy()

    tk.Button(kidirisha, text="Sawa", command=sawa).pack()
    kidirisha.wait_visibility()
    kidirisha.grab_set()
    ingizo.focus_set()
    kidirisha.wait_window()
    return jibu
```

`transient` inamwambia msimamizi kwamba hiki ni mtoto wa yule: kikae juu yake, na mama akishushwa kishuke naye. `grab_set` ni ya upande wako. Inazuia kubofya kwingine ndani ya programu hadi swali lijibiwe. `wait_window` inasubiri kidirisha kivunjwe, huku mzunguko wa matukio ukiendelea ndani yake, kwa hiyo skrini haigandi. Mpangilio una maana. Ukiita `grab_set` kabla kidirisha hakijaonekana, unaweza kupata kosa la kwamba dirisha halionekani, na mara nyingi kosa hilo hutokea kwenye kompyuta ya mtu mwingine, isitokee kwenye yako, kwa kuwa linategemea kasi ya msimamizi kujibu. `wait_visibility` ndiyo dawa. Mtumiaji akikifunga kwa alama ya fremu, `jibu` inabaki `None`, na anayeita anajua kwamba ameghairi.

Yuko pia ndugu yake hatari, `grab_set_global`, anayeshika skrini nzima. Programu ikiganda wakati huo, mtumiaji hawezi kubofya popote. Sijapata sababu ya kuitumia kwenye programu ya kawaida.

Angalia vilevile kwamba kidirisha kimetengenezwa kwa `Toplevel`. Ukiita `tk.Tk()` mara ya pili unaanzisha mfasiri wa pili wa Tcl, lugha ambayo Tk huendeshwa kwayo, asiyejua chochote kilichomo kwa wa kwanza. Kigeu cha `StringVar` ulichokitengeneza bila kutaja ni cha dirisha lipi kitaangukia kwa wa kwanza, na kisanduku kilicho kwa wa pili kitabaki kitupu bila kosa lolote kutangazwa.

Kumwondoa msimamizi

Wapo wanaochoka na fremu na kuandika `overrideredirect(True)`. Upau wa kichwa unatoweka, na dirisha linaonekana kama walivyolichora. Bendera hiyo iliwekwa kwenye X kwa ajili ya menyu na vidokezo, vitu vinavyoishi sekunde chache, na maana yake ni kwamba msimamizi asilihesabu dirisha hili kabisa. Kwa hiyo halimo kwenye orodha ya Alt na Tab, halimo kwenye upau wa kazi, haliwezi kushushwa, na kwenye X huenda lisipokee kibodi. Kulivuta kwa kipanya utakuandika mwenyewe, kubadilisha ukubwa vivyo hivyo, na anayetegemea kibodi peke yake kuendesha kompyuta utakuwa umemfungia nje. Kwa picha ya kukaribisha wakati programu inapakia, inafaa. Kwa dirisha la kazi, hapana.

Mazungumzo nayo yana upande wako. Msimamizi hutuma ujumbe na kutarajia jibu, na jibu hutoka ndani ya mzunguko wa matukio. Ukibofya kitufe kinachosoma faili kubwa kwa sekunde kumi, kwa sekunde hizo hakuna anayesoma barua. Windows hulihesabu dirisha lisilochukua ujumbe kwa sekunde 5 kuwa limeganda. Huweka nakala iliyofifia mahali pake na kumpa mtumiaji nafasi ya kuiua programu. Kwenye X msimamizi anaweza kutuma ujumbe wa `_NET_WM_PING` na kungoja urudi. Usiporudi, kile kifungu chako cha kuuliza kuhusu kuhifadhi hakitaitwa, kwa sababu anayepaswa kukiita ameshughulika na faili. Kazi ndefu ipeleke kwenye uzi mwingine, yaani njia ya pili ya utekelezaji ndani ya programu ileile, au ikate vipande na uvipange kwa `after`. Uzi huo usiguse wijeti. Uweke matokeo kwenye foleni, na upande wa dirisha uyachukue humo kila baada ya milisekunde 100 hivi.